Steki nene haitaki nyama ya leo

Ingia bucha lolote la Dar es Salaam saa moja asubuhi ya Jumamosi, uliza nyama ni ya lini. Jibu huja na fahari: "Ya alfajiri hii, mama. Ona, bado inacheza." Na kweli inacheza. Paja lililotundikwa kwenye ndoano linatetemeka lenyewe, mteja anaridhika, mizani inapanda na kushuka. Kwa supu ya mchana, kwa mchuzi, kwa pilau, hakuna ubaya wowote: nyama hiyo itachemka saa mbili na sufuria itamaliza ubishi wake.

Mwenye shida ni yule anayetaka kipande kimoja kinene, cha sentimita nne, akitandaze juu ya makaa jioni hiyohiyo kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mkewe, au kwa sababu tu mshahara umeingia na wiki ilikuwa ndefu. Huyo, nyama inayocheza haimfai. Ataichoma kwa ustadi wote anaoujua, ataitoa ikiwa na rangi ya kupendeza, kisha atakaa mezani atafune kandambili. Halafu atalaumu makaa.

Wengi wetu tuliionja steki nene kwa mara ya kwanza hotelini, tukaondoka tukiamini kwamba mpishi yule ana kiungo anachokificha. Kiungo chenyewe ni siku, na hakikai jikoni, kinakaa kwenye chumba cha baridi.

Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake haikomi kazi papo hapo. Inaendelea kutumia akiba ya sukari iliyomo ndani yake, na kwa kuwa damu haileti tena oksijeni, sukari hiyo inageuka kuwa asidi ya laktiki. pH ya nyama inashuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Akiba ikiisha, nyuzi za msuli zinashikana na mzoga unakakamaa; kwa ng'ombe, ukakamavu huo hutimia ndani ya siku moja hivi. Kwa hiyo anayechoma jioni nyama iliyochinjwa alfajiri anaichoma katika saa zake mbaya kuliko zote.

Baada ya hapo ndipo kazi nzuri inapoanza, polepole, bila mtu kuigusa. Ndani ya msuli mna vimeng'enya viitwavyo kalpaini, ambavyo hukatakata protini zinazozishikilia nyuzi. Nyama ikitunzwa kwenye baridi ya nyuzi sifuri hadi nne za Selsiasi, vimeng'enya hivyo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake katika wiki mbili za mwanzo. Ladha nayo inabadilika: protini zinavunjika kuwa vipande vidogo, na ulimi unaviona vipande hivyo kuwa ni utamu wa nyama. Ndiyo maana wauzaji wa steki duniani huhesabu siku 14, 21, wengine 28 na zaidi, na huuza nyama ya wiki tatu kwa bei ya juu kuliko ya jana. Mtu wa mnada wa Pugu akisikia hivyo atacheka, na simlaumu. Katika nchi ya joto, nyama ya wiki tatu ilikuwa nyama ya kufukia. Friji ndiyo iliyoleta hesabu nyingine.

Kuna jambo la pili linaloihusu mifugo yetu moja kwa moja. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na walio wengi ni zebu, wale wenye nundu. Ni mnyama hodari: anavumilia jua, kupe, ukame na safari ndefu kutafuta maji. Lakini ng'ombe wenye nundu wana kiasi kikubwa zaidi cha kalpastatini, protini inayozizuia kalpaini zisifanye kazi. Nyama yao hulainika taratibu kuliko ya Angus wa Scotland, kwa hiyo ndiyo inayohitaji siku nyingi zaidi. Sisi tunaipa chache kuliko wote. Ongeza kwamba mara nyingi ng'ombe wa kienyeji huuzwa akiwa mzee, baada ya kulima misimu kadhaa au kukaa zizini kama akiba ya familia, na umri huimarisha viunganishi vya msuli kiasi kwamba hakuna moto wa dakika kumi unaoweza kuvilegeza.

Sisemi hivi kuwadharau ng'ombe wetu. Boran, aliyetoka kwa wafugaji Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, kisha akachaguliwa kizazi baada ya kizazi kwenye ranchi za Kenya, Laikipia ikiwemo, naye ni mwenye nundu. Akilishwa vizuri na kuchinjwa angali kijana, anatoa steki ambayo sioni sababu ya kuionea haya mbele ya mgeni yeyote. Hata zebu wa Shinyanga au Mwanza walionenepeshwa kwa mashudu ya pamba kwa miezi mitatu ni wanyama tofauti kabisa na waliofika mnadani wamekonda. Kinachokosekana mara nyingi ni chumba cha baridi na mtu wa kusubiri.

Basi mnunuzi afanye nini? Aulize swali ambalo mabuchani haliulizwi: nyama hii imelala siku ngapi? Miji mikubwa, Nairobi hasa, lakini Arusha na Dar es Salaam pia, ina mabucha yenye vyumba vya baridi na yanayouza nyama iliyofungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, tarehe ikiwa juu yake. Ndani ya plastiki hiyo nyama inaendelea kulainika. Ukiikuta imekaa siku kumi na bado ina nyingine za kukaa, usiikimbie. Inunue, iweke sehemu ya chini kabisa ya friji yako, uile mwishoni mwa juma linalofuata. Ukifungua, itatoa harufu ya uchachu kidogo. Hiyo hupotea ikikaa wazi nusu saa. Harufu ya kuoza haipotei, na pua yako inaijua.

Kujizeeshea nyama nyumbani kwa wiki tatu, katika friji ambayo watoto wanaifungua kila wakitaka maji, sishauri. Umeme ukikatika usiku kucha hesabu yote imeharibika. Wala usiikimbize nyama ya alfajiri kwenye friza ukidhani unaiokoa: msuli uliopozwa haraka chini ya nyuzi 10 kabla haujakakamaa hujikunja kwa nguvu, na ugumu wake unazidi. Kama bucha lako ni la kawaida na huna pa kwenda, nunua siku ya Jumatano kwa mtu unayemwamini, nyama yenye muhuri wa mkaguzi, itunze kwenye baridi kali ya friji hadi Jumamosi. Siku tatu si wiki mbili, lakini utatofautisha.

Kuhusu kipande chenyewe, kwa wengi jina la kwanza linalokuja ni fileti. Ni laini kweli, kwa sababu msuli huo, uliolala chini ya uti wa mgongo, haufanyi kazi kubwa maishani mwa mnyama. Lakini hauna mafuta mengi, na kwangu mimi ladha yake ni ya upole mno kwa bei yake. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua nyama ya mgongoni juu ya mbavu, ile ambayo hoteli huiandika ribeye. Ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyuzi, na yakiyeyuka motoni huilainisha nyama kwa ndani. Ukirudi nyuma kuelekea kiunoni unakuta sarara, ngumu kidogo lakini yenye ladha nzito, na ukiiacha na mfupa wake wa umbo la herufi T unapata sarara upande mmoja na fileti upande wa pili.

Hapa inabidi kuzungumza na muuzaji kabla hajanyanyua panga. Buchani kwetu, ukiagiza kilo ya steki utapewa nyama isiyo na mfupa, kutoka popote, imeshakatwa vipande vya kurostia kabla hujamaliza kusema. Mwambie: "Kaka, usikate. Nataka nyama ya mgongoni, nzima, unene wa vidole vitatu." Atakutazama. Mwonyeshe vidole. Kule Florence, Italia, ambako steki ya ng'ombe weupe wa Chianina ni jambo la heshima, nao hupima unene kwa vidole, na watu walihuzunika kweli Ulaya ilipopiga marufuku nyama yenye mfupa wa mgongo mwaka 2001 kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, hadi iliporuhusiwa tena mwaka 2006.

Unene si ubwana. Steki ya sentimita moja inaiva ndani kabla haijapata rangi nje, au ikipata rangi, ndani imekauka. Ile rangi ya kahawia na harufu inayofanya jirani afungue dirisha hutokana na protini na sukari kukutana kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kikemia mwaka 1912, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Maji hayapiti nyuzi 100. Kwa hiyo nyama iliyolowa juu inachemka kwanza, na rangi haiji mpaka maji yaishe. Kipande kinene kinakupa muda: nje kinapigana na moto mkali, katikati hakijapata habari.

Ndiyo maana napinga kuitia steki ya namna hii kwenye beseni la viungo. Ndimu, tangawizi, mtindi na papai bichi ni mambo ya mishkaki, na kwenye mishkaki hakuna anayeyashinda. Papai bichi lina papaini, kimeng'enya kikali, na watu wa pwani walilijua zamani bila kusubiri maabara. Lakini papaini haipenyi zaidi ya milimita chache. Kwenye kipande kidogo cha mshikaki hizo zinatosha. Kwenye steki nene utapata ganda lililopondeka kama limetafunwa tayari, na moyo uleule mgumu.

Chumvi peke yake inatosha. Kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, inyunyizwe pande zote hata pembeni, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mwanzoni itavuta maji nje na utaona nyama imelowa. Ukiiacha, maji yale yenye chumvi yanarudi ndani polepole, chumvi ikiingia nayo. Mwenye haraka atie chumvi dakika moja kabla ya moto. Kinachoharibu ni kutia kisha kusubiri dakika kumi, maji yakiwa ndiyo kwanza yamejaa juu. Iweke steki juu ya wavu mdogo ndani ya friji, wazi, bila kuifunika, ili hewa ya baridi iikaushe ngozi. Kama humo ndani mna samaki, mtafutie samaki pengine.

Sasa moto. Mkaa wa miti migumu, mgunga kwa mfano, au wa vifuu vya nazi, hukaa na joto muda mrefu. Mafuta ya taa yasikaribie. Harufu yake inadumu hadi kwenye sahani. Subiri makaa yote yavae majivu ya kijivu, kisha yasukume upande mmoja wa jiko, upande wa pili ubaki mtupu. Jiko dogo la duara la kupikia ugali halina nafasi ya kufanya hivyo, kwa hiyo azima jiko la mishkaki au lile pipa lililopasuliwa katikati ambalo kila mtaa una mtu mwenye nalo.

Steki inaanza upande usio na makaa. Wachoma nyama wetu wa mbuzi wanaijua hekima hii bila kuipa jina: joto la mbali, muda mrefu, kisha mwisho wanasogeza. Ifunike kwa sufuria kubwa iliyopinduliwa, igeuze kila baada ya dakika tano au sita, na usiwe na papara. Kulingana na moto wako, itachukua dakika 20 hadi 35. Ndani inapanda taratibu, sawasawa kutoka ukingoni hadi katikati, na nje inazidi kukauka. Kipimajoto cha nyama chenye sindano ndicho kifaa pekee ninachokusihi ununue. Bei yake ni ndogo kuliko steki moja iliyoharibika. Kikisoma nyuzi 54 au 55 katikati, sogeza nyama juu ya makaa yenyewe. Dakika moja hadi moja na nusu kila upande, igeuze mara kwa mara kwa koleo, isimamishe ubavuni ili mafuta ya pembeni nayo yapate rangi. Mafuta yakidondoka na moto ukalipuka, ihamishe mara moja, maana masizi si rangi. Pilipili manga itiwe mwishoni. Ikitangulia inaungua na kuwa chungu.

Wengi wamezoea kinyume chake, moto mkali kwanza, kwa imani kwamba unafunga maji ndani. Imani hiyo ilitangazwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na ikashika. Si kweli. Steki iliyobabuliwa inatoa maji kama nyingine. Ile sauti ya kuchachatika unayoisikia ni maji yenyewe yakitoka.

Anayeishi ghorofani asiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika kumi, maana gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Atumie oveni kwa nyuzi 120 badala ya upande wa baridi, kisha kikaango kizito cha chuma kilichopashwa moto hadi kitoe moshi, na kijiko cha samli. Samli inavumilia joto kuliko siagi kwa kuwa maji na mabaki ya maziwa yameshatolewa. Punje mbili za kitunguu saumu zikitupwa humo sekunde thelathini za mwisho, nyumba nzima itajua.

Tufike kwenye swali la mezani, ambalo shangazi hawezi kukosa kuliuliza: mbona ina damu? Damu ilitoka machinjioni. Kile kimiminika chekundu ni maji ya msuli yaliyochanganyika na mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya nyama na kuipa wekundu wake. Wanaotafuta msimamo wa dini watakumbuka kwamba aya ya 145 ya sura Al-An'am inataja damu inayomwagika, na mafakihi wametofautisha damu hiyo na inayobaki ndani ya nyama iliyochinjwa kihalali.

Hofu ya kiafya ni jambo jingine na ina msingi. Katika ukanda wetu kuna tegu wa ng'ombe, ambaye mabuu yake hukaa ndani kabisa ya msuli, mahali ambapo moto wa nje haufiki. Kwa hiyo yale mashindano ya kula steki mbichi katikati, ya nyuzi 50, hayanivutii hata kidogo kwa nyama isiyojulikana ilikotoka. Idara ya kilimo ya Marekani inapendekeza nyuzi 63 katikati, kisha nyama ipumzike dakika tatu, nami ndipo ninaposimama. Ukiitoa kwenye makaa ikiwa na 60 au 61, itajimalizia yenyewe ikipumzika. Ikisita kufika, irudishe upande wa baridi. Kwa joto hilo bado ni ya waridi na bado ina maji. Muhuri wa mkaguzi ni ulinzi wa kwanza. Friza nayo husaidia: nyuzi 10 chini ya sifuri kwa wiki mbili huwaua mabuu hao, mradi nyama iwe imeshalainika kabla ya kugandishwa, kisha iyeyushwe taratibu ndani ya friji. Na kama shangazi anataka yake iive kabisa, mkatie kipande chembamba cha kwake na umwivishie bila hotuba.

Sihangaiki sana na nyama za kuagizwa, zile Wagyu za Japani zinazouzwa kwa gramu. Zina mafuta mengi kiasi kwamba Wajapani wenyewe mara nyingi huzikata nyembamba na kula kidogo. Kuzichoma nene kwenye pipa la uani ni kumwaga fedha kwenye makaa.

Nusu kilo iliyokatwa vizuri inawatosha watu wawili, hata watatu kama kuna ndizi za kuchoma pembeni. Ipumzishe dakika tano juu ya ubao, kisha tazama nyuzi zimelala upande gani na ukate kwa kuzikingama, vipande vya unene wa kidole. Ukikata kwa kufuata nyuzi, siku zote zile za kusubiri umezirudisha buchani. Kachumbari iwe kali na yenye ndimu nyingi, maana mafuta yanahitaji mpinzani. Maji yaliyobaki kwenye ubao usiyamwage, yarudishe juu ya nyama pamoja na chembe chache za chumvi ya mawe. Kikibaki kipande, jambo ambalo ni nadra, kisipashwe moto tena: kikate kikiwa cha baridi, kiviringishe ndani ya chapati ya asubuhi na pilipili ya kuponda, na umtangulie jikoni yule aliyekuwa anauliza habari za damu.